Majina ya Watoto Wetu wa Kiume: Asili Yake na Maana Yake

Somo kwa walimu wa darasa la ubatizo, wazee wa usharika na wazazi

Soma kwanza: Luka 1, 57–66, 1 Nyakati 4, 9–10, Filemoni 10–16.



Kila mwalimu ajua swali la kwanza aulizalo mzazi anapomleta mtoto ili abatizwe: "Mtoto ataitwa nani?" Jibu twaliandika katika kitabu cha usharika, kisha twaendelea na mambo mengine. Lakini swali la pili mara nyingi hatuliulizi: "Na maana yake ni nini?" Katika somo hili nataka kuonyesha ya kwamba swali hili la pili lina uzito, na ya kwamba tukiliacha twaweza kumnyang'anya mtu ungamo la imani yake, huku tukidhani ya kuwa tunalisafisha kanisa.

I. Jina lisilokuwamo katika ukoo

Luka atuambia ya kwamba siku ya nane jirani na jamaa wa Elisabeti walikusanyika ili mtoto atahiriwe, wakataka kumwita Zakaria, jina la babaye. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakastaajabu, kwa kuwa katika jamaa zake hapakuwa na mtu mwenye jina hilo. Wakamwashiria baba, ambaye alikuwa bubu. Naye akataka kibao, akaandika jina lile lile alilolisema mkewe. Mara kinywa chake kikafunguliwa, akamsifu Mungu.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, jina Yohana halikuwa geni kwa lugha. Ni jina la Kiebrania, na maana yake ni "Bwana amefadhili". Kila mtu aliyekuwapo aliweza kulifahamu. Ugeni wake ulikuwa katika ukoo tu. Pili, jamaa walitaka jina lirithiwe kama shamba au ng'ombe. Lakini Mungu alitaka jina litangaze jambo jipya alilolitenda. Tatu, waliompa mtoto jina ni baba na mama yake, nao walipatana. Wengine walikuwa na maneno mengi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mzazi.

Basi hapa kwetu, tokea Iringa hata Mbeya, watu wengi hudhani ya kuwa "jina la Kikristo" ni lile lenye sauti ya Ulaya, au lile lililoandikwa katika Biblia; na jina la lugha yao huliita "jina la nyumbani", la kutumiwa jikoni na shambani, lisilostahili kutajwa penye maji. Je, mawazo haya ni ya kweli? Na tuyapime.

II. Kosa langu mwenyewe

Nilipokuwa mchungaji kijana nilitumwa kuhudumu katika usharika mmoja upande wa Mbeya. Mimi si mzaliwa wa huko, na Kinyakyusa sikukijua. Jumamosi moja nilipitia orodha ya watoto watakaobatizwa kesho yake, nikakuta jina Gwakisa. Nikalisikia kwa masikio ya Kiswahili, nikadhani ni "wa kisa", yaani mtoto wa mkasa, mtoto wa visa na matata. Nikasema moyoni, haifai mtoto wa Wakristo aje kanisani na jina la namna hii. Sikumwuliza baba, wala mama, wala mwalimu. Nikafungua kalenda, nikachagua jina Feliki, ambalo kwa Kilatini maana yake ni mwenye heri, mwenye furaha. Na Jumapili nikambatiza kwa jina hilo. Wazazi walinyamaza. Walikuwa mbele ya usharika wote. Na ni nani amkatizaye mchungaji maneno penye ubatizo?

Baada ya ibada bibi yake mtoto alinisubiri mlangoni. Hakunigombeza. Akasema, "Baba Mchungaji, kwetu ikisa ni huruma. Mama yake huyu alikwisha kuzika wawili. Huyu alipozaliwa mzima tukasema, huyu ni wa huruma ya Kyala. Ndiyo maana ya Gwakisa. Na hilo ulilompa wewe, maana yake nini?" Nikamjibu kwamba maana yake ni furaha. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni jema. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kumshukuru Mungu kwa jina lile."

Usiku ule nilifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 24, nikasoma tena habari za yule Feliki wa Biblia. Ni liwali aliyemweka Paulo kifungoni miaka miwili, akitumaini kupewa fedha ili amfungue. Basi mimi nilikuwa nimemvua mtoto jina la huruma ya Mungu, nikamvika jina la liwali mpenda rushwa!

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwao, nikaomba radhi mbele ya jamaa. Wakaniuliza kama itapasa mtoto abatizwe tena. Nikawajibu, hapana. Penye maji hutajwa majina mawili: jina la mtoto, na Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo hausimami juu ya jina la mtoto, wala juu ya akili ya mchungaji, bali juu ya Jina lile la pili, ambalo Bwana wetu aliliagiza (Mathayo 28, 19). Na Jina hilo halikukosewa. Tukaandika Gwakisa katika kitabu cha usharika, mbele ya wazee wawili. Tangu siku ile siandiki jina nisilolijua maana yake.

Wala kosa hili si jipya katika Kanisa. Mwaka 1546 huko Geneva, mji alimofanya kazi Calvin, kinyozi mmoja alimleta mwanawe abatizwe, akataka aitwe Claude. Wachungaji walilichukia jina hilo kwa sababu ya mtakatifu aliyeheshimiwa mno na watu wa upande ule. Basi mchungaji, bila kushauriana na baba, akamwita mtoto Abrahamu. Baba akamtwaa mwanawe kwa nguvu, na ghasia kubwa ikatokea. Wale wachungaji walikuwa na sababu yao ya kuogopa ibada ya watakatifu. Lakini njia waliyoishika haikuwafundisha watu lolote, bali iliwaudhi tu. Jina Abrahamu ni jina jema, lakini hata jina jema likitolewa kwa kunyang'anya lingine huwa jeraha.

III. Majina ya Biblia yasiyozoeleka

Biblia ina majina mengi ya wanaume ambayo hatuyasikii mara kwa mara, na wazazi wengine wameanza kuyatafuta. Nitaeleza machache, ili mwalimu akiulizwa apate la kujibu.

Gershomu na Eliezeri walikuwa wana wa Musa (Kutoka 18, 3–4). Gershomu ni jina la ugeni, kwa kuwa Musa alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Eliezeri maana yake ni "Mungu wangu ni msaada", kwa kuwa aliokolewa na upanga wa Farao. Ukiyasoma majina haya mawili pamoja, wapata habari za maisha ya baba: kwanza ukimbizi, kisha wokovu. Wazazi waliohama makwao kwa ajili ya kazi, wakazaa watoto mjini Mbeya au Iringa mbali na jamaa zao, wataifahamu habari hii upesi.

Ebenezeri halikuwa jina la mtu hapo kwanza, bali la jiwe. Samweli alilisimamisha baada ya kuwashinda Wafilisti, kuwa ushuhuda ya kwamba Bwana amewasaidia mpaka hapo (1 Samweli 7, 12). Mtoto aitwaye Ebenezeri ni kama jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa katika nyumba: kila amwonaye akumbuke msaada wa Bwana.

Yedidia maana yake ni "mpenzi wa Bwana". Ni jina ambalo Bwana alimpa Sulemani kwa mkono wa nabii Nathani (2 Samweli 12, 25). Tukumbuke alizaliwa lini: baada ya dhambi ya Daudi, na baada ya mtoto wa kwanza kufa. Kwa hiyo si jina la kujisifu, bali ni jina la msamaha.

Theofilo ndiye mtu ambaye Luka alimwandikia Injili yake. Jina hili la Kiyunani ni la urafiki na Mungu. Wajerumani wakaligeuza kuwa Gottlieb, na kwa Kilatini ni Amadeus. Yule mtunzi mkuu wa muziki, Mozart, alibatizwa mwaka 1756 kwa jina Theophilus. Leo dunia yote yamjua kwa jina Amadeus. Ni jina moja katika mavazi matatu.

Tertio na Kwarto wametajwa mwisho wa Waraka kwa Warumi (16, 22–23). Kwa Kilatini maana yake ni "wa tatu" na "wa nne" tu. Yaelekea majina ya namna hii yalipewa watu wadogo, wasiohesabiwa kuwa kitu. Lakini huyo "wa tatu" ndiye aliyeshika kalamu Paulo alipotunga waraka ule mkuu.

Onesimo lastahili tulikalie zaidi. Maana yake ni "mwenye kufaa". Lilikuwa jina la kawaida la watumwa. Bwana alimwita mtumwa wake hivyo, kama mtu asifuvyo jembe lake. Mtumwa huyu akamwacha Filemoni bwana wake, akafika kwa Paulo kifungoni, akaamini. Paulo akamrudisha, akiandika kwa mzaha wa upole ya kwamba zamani hakufaa, bali sasa afaa kwao wote wawili. Tena amrudisha si kama mtumwa, bali kama ndugu mpendwa. Angaliapo mtu jinsi Paulo alivyofanya, ataona kwamba hakulifuta jina la utumwa. Alilijaza maana mpya.

Yako na majina mengine ya Biblia ambayo si ya kupewa watoto ovyo. Isaya alimwita mwanawe Maher-shalal-hash-bazi (Isaya 8, 1–4), nalo latangaza mateka na nyara zinazokuja kwa haraka; Hosea alimwita wake Lo-ami, "si watu wangu" (Hosea 1, 9). Majina hayo yalikuwa mahubiri kwa taifa zima, yaliyoamriwa na Mungu mwenyewe. Na Nabali maana yake ni mpumbavu, kama mkewe alivyokiri (1 Samweli 25, 25). Si kila neno lililomo katika Biblia lafaa kuwa jina la mtoto.

Tena jina moja laweza kuwa la watu wawili walio mbali kwa tabia. Yuko Anania aliyesema uongo (Matendo 5), na yuko Anania wa Dameski, aliyemwekea Sauli mikono na kumwita ndugu (Matendo 9). Yuko Yuda Iskariote, na yuko Yuda mwingine mtume, aliyekuwa mwaminifu (Luka 6, 16). Mwalimu asilikatae jina, bali amwonyeshe mtoto ni yupi amfuate.

IV. Majina ya kipagani katika nyaraka za Mitume

Wengine husema, "Jina la lugha yetu lilikuwapo kabla ya Injili, kwa hiyo ni la kipagani, liondolewe." Basi na tuwatazame Wakristo wa kwanza. Epafrodito, aliyemhudumia Paulo kifungoni (Wafilipi 2, 25), jina lake latokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Apolo, mhubiri hodari (Matendo 18, 24), jina lake lahusiana na mungu Apollo. Dionisio, aliyeamini huko Athene (Matendo 17, 34), jina lake ni la mungu wa mvinyo. Herme, ambaye Paulo amsalimu (Warumi 16, 14), ana jina la mungu mwingine wa Wayunani. Fortunato (1 Wakorintho 16, 17) ni jina la bahati. Watu hawa walibatizwa. Nao katika nyaraka bado waitwa kwa majina yale yale ya zamani, wala hatusomi popote ya kuwa Mitume waliwaamuru kuyaacha.

Zaidi ya hayo, tazama wale vijana watatu wa tanuru ya moto. Katika sharika zetu wako akina Shadraka, Meshaki na Abednego wengi. Lakini Danieli 1, 6–7 yatuambia ya kwamba hayo ni majina waliyopewa na mkuu wa matowashi wa Babeli; na Abednego lamtaja mungu wa Babeli. Majina waliyopewa na wazazi wao ni Hanania, "Bwana amefadhili", Mishaeli, "Ni nani aliye kama Mungu?", na Azaria, "Bwana amesaidia". Adui aliwavika majina ya miungu yake, lakini hakuweza kuigeuza mioyo yao. Na leo jina Abednego halimkumbushi mtu mungu wa Babeli, bali uaminifu wa kijana aliyekataa kuisujudia sanamu. Mtu ndiye aliyelitakasa jina, wala si jina lililomtakasa mtu.

V. Wajerumani wa zamani na milima yetu

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na ndugu wa Herrnhut, yaani Wamoravian, walifika katika nchi iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kutoka huko kazi ya Berlin ikaenea kwa Wakinga, Wabena na Wahehe. Walileta na majina yao, hata ya mahali: kijiji cha Pommern katika wilaya ya Kilolo hata leo chaitwa kwa jina la nchi moja ya Kijerumani. Na watu wetu wengi waliobatizwa wakapenda kuitwa kama walimu wao.

Lakini majina yale ya Kijerumani yalikuwa nini? Katika karne ya 17 na ya 18, wacha Mungu wa Ujerumani walipenda kuwapa wana wao majina yaliyo sentensi nzima za imani. Gottlob ni "Mungu asifiwe". Gotthilf ni "Mungu ni msaada". Fürchtegott ni "Mche Mungu". Ndilo jina mojawapo la Gellert, mtunzi wa nyimbo za kanisa aliyezaliwa mwaka 1715. Traugott ni "Mtumaini Mungu". Na aliyekuwa na jina hilo hapa kwetu ni Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoravian aliyehudumu kwa Wanyiha huko Mbozi mpaka wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Majina hayo hayamo katika Biblia. Ni maneno ya kawaida ya Kijerumani, ya mashamba na masoko yao, yaliyofanywa kuwa ungamo.

Sasa sikia majina ya Wanyakyusa. Tuntufye ni "Tumsifu". Je, si ndugu yake Gottlob? Andongwisye ni "Ameniongoza". Ambokile ni "Ameniokoa". Ambwene ni "Ameniona", na Angetile ni "Ameniangalia". Asajile ni "Amebariki", na Nsajigwa ni "aliyebarikiwa". Tulinagwe ni "Tuko naye". Gwamaka ni "wa nguvu", na Gwantwa ni "wa Bwana". Tena yako majina ya neno moja: Lusajo, baraka, Lusekelo, furaha, Lugano, upendo, Lusubilo, tumaini, Lutengano, amani, Ipyana, neema. Kwa Wabena na Wahehe twasikia Lusungu, yaani huruma au neema, na Luhuvilo, tumaini.

Katika majina haya nataka tuangalie mambo mawili.

La kwanza: Ambwene, "Ameniona". Ni nani aliyeniona? Jina lenyewe halisemi. Ameniongoza, ameniokoa, amebariki: mtendaji hatajwi. Msikilizaji ndiye amtajaye moyoni mwake: Kyala, Nguluvi, Mungu. Kwa hiyo kila amwitaye mtoto huyu aulizwa swali, na kila alijibuye swali amemkiri Mungu. Mhubiri gani ahubiriye mara nyingi kwa siku kama jina hili?

La pili: Lwitiko, ambalo kwa Kibena na Kihehe ni Lwidiko. Maana yake ni imani. Lakini latokana na neno lile lile la Kiswahili, kuitika. Mtu aitwapo, huitika. Basi kwa lugha za milima yetu, kuamini ni kumwitika yeye aliyekuita. Nimesoma maelezo mengi ya imani katika chuo, wala sikupata lililo fupi na la kweli kuliko hili. Mtoto aitwaye Lwitiko, kila mama yake amwitapo naye akaitika, atenda jambo ambalo jina lake lasema. Na sisi tulitaka kulificha jikoni!

Ndugu zetu wa Kaskazini nao wana njia yao. Upande wa Kilimanjaro na Meru utawakuta akina Elibariki, Elihuruma na Elisante: neno la Kiebrania la Mungu, Eli, limeungwa na neno la Kiswahili. Wengine huwaita wana wao Godlisten au Godbless kwa Kiingereza. Watu hucheka majina hayo wakidhani yalibuniwa jana. Lakini Godlisten ni Mungu kusikia, na hilo ndilo Ishmaeli (Mwanzo 16, 11). Njia ni ya kale sana.

VI. Majina ya huzuni

Sasa twafika penye shida kubwa ya walimu. Wako watoto waitwao Masumbuko, Mateso, Tabu au Shida. Walizaliwa wakati wa msiba, njaa, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani. Mwalimu afanye nini?

Biblia yatupa mifano miwili. Raheli alipokuwa akifa katika uzazi alimwita mwanawe Benoni, "mwana wa uchungu wangu"; lakini Yakobo akambadilisha, akamwita Benyamini, "mwana wa mkono wa kuume" (Mwanzo 35, 18). Baba aliona ya kuwa mtoto asichukue mzigo wa kifo cha mama yake maisha yake yote. Huo ni mfano wa kwanza.

Mfano wa pili ni Yabesi. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Wala hakuna aliyembadilisha jina. Lakini yeye mwenyewe alimlingana Mungu wa Israeli, akaomba abarikiwe, na mkono wa Mungu uwe pamoja naye, na uovu usimhuzunishe. Na Mungu akampa hayo aliyoyaomba. Jina likabaki la huzuni, na mwenye jina akaheshimiwa kuliko ndugu zake.

Kwa hiyo hatuna sheria moja. Uliza kwanza. Jina likiwa ni lawama, kama vile mume amtukanapo mkewe au jirani kwa njia ya jina la mtoto, mwalimu awaonye wazazi kwa upole walibadilishe, kwa maana si haki mtoto abebe ugomvi usio wake. Jina likiwa ni machozi ya kweli mbele za Mungu, usiyafute haraka machozi ambayo hukuyalia wewe. Na mtoto akikua akataka kuitwa kwa jina jingine, asizuiwe. Luther mwenyewe, alipoufahamu uhuru wa Injili, tangu mwaka 1517 alitia sahihi barua kadhaa kwa jina Eleutherius, yaani aliye huru. Naye jina Martin hakulichagua: alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku ya Mtakatifu Martin, basi akaitwa hivyo.

VII. Majina yatokayo katika simu

Siku hizi wazazi vijana hutafuta majina katika simu zao, huja nayo yameandikwa kwa Kiingereza, wakidhani wamepata jambo jipya. Mwalimu asiwacheke. Awafungulie Biblia yao wenyewe. Jabez ndiye Yabesi tuliyemsoma. Josiah ni Yosia, Micah ni Mika, Caleb ni Kalebu, Elijah ni Eliya, Jethro ni Yethro, na Jedidiah ni yule Yedidia. Nimewaona wazazi wakifurahi sana walipojua ya kwamba jina walilolitafuta mbali lilikuwa ndani ya kitabu kilicho mezani pao. Lakini wakichagua jina kwa utamu wa sauti tu, wala hawajui maana yake, waambie warudi nyumbani wakaulize, nawe uwasaidie. Si vema mtoto akiuliza, "Baba, jina langu maana yake nini?" baba akose jibu.

VIII. Mashauri kwa walimu na wazee

1. Uliza jina na maana yake wiki kadhaa kabla ya ubatizo, tena nyumbani kwao, si mlangoni pa kanisa.

2. Usipoijua lugha, mwulize bibi au babu wa mtoto. Kiswahili ni lugha yetu sote, lakini hakifungui milango yote.

3. Usibadili jina pasipo wazazi kukubali. Ukiona sababu ya kulibadili, fundisha, usiamuru.

4. Andika maana ya jina kando yake katika kitabu cha usharika. Miaka ijayo wajukuu watasoma na kujua babu zao walimshukuru Mungu kwa ajili ya nini.

5. Angalia herufi. Jina katika cheti cha ubatizo liwe sawasawa na lile la cheti cha kuzaliwa, kwa maana vijana wengi hupata taabu shuleni na kazini kwa sababu ya herufi moja.

6. Siku ya ubatizo mchungaji aweza kulitaja jina na maana yake mbele ya usharika kwa maneno machache, ili wote washiriki shukrani ya wazazi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini jamaa wa Elisabeti walilistaajabia jina Yohana?

2. Paulo alilitumiaje jina Onesimo kumfundisha Filemoni?

3. Yakobo alibadili jina la huzuni; la Yabesi halikubadilishwa. Twajifunza nini kwa hao wawili?

4. Kila mmoja aseme jina lake, maana yake, na sababu ya kupewa jina hilo. Asiyejua akawaulize wazazi wake kabla ya kipindi kijacho.

Ndugu zangu, yule mtoto wa Mbeya sasa ni kijana. Alipokuja darasa la kipaimara mwalimu wake aliwauliza vijana wote maana ya majina yao. Naye akasimama akasema, "Mimi ni Gwakisa. Mimi ni wa huruma." Akaketi. Hakujua ya kuwa mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza, wala hakujua kwamba nilikaribia kumnyima neno hilo.

Bwana, aliyewaita Musa na Samweli kwa majina yao, na atufundishe kuwaita watoto wake vema. Amina.